Damu ya Ami Athmani na Kofia ya Daktari

Kabla hujamchoma mtu sindano, tafuta kwanza pa kukaa. Hilo hamtafundishwa chuoni, kwa hivyo nawafundisha mimi. Ukimsimamia mtu na sindano mkononi, atakuogopa kama askari wa kanzu. Ukikaa ukaguna, ukalalamikia magoti, ukaomba maji ya kunywa, hapo umekuwa jamaa, na jamaa hanyimwi mkono.

Mjukuu wangu Swabra anasomea kazi ya maabara. Haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake wanaokuja hapa Ijumaa kula biriani yangu na kunicheka. Chekeni. Mimi niliishia darasa la tatu, nikaozwa, nikazaa, nikaachwa, nikashika fagio la kliniki. Lakini siku Swabra alipovaa koti jeupe mara ya kwanza nilimpitisha Ndia Kuu yote hapa Mombasa, nikisimama kila duka kuuliza bei ya vitu nisivyovitaka, ili watu wamwone. Yeye aliona haya. Mimi sikuona.

Kliniki yangu ilikuwa ya watu wenye maradhi ya akili. Mtaani watu walikuwa na jina lao la kuiita, mnalijua, silirudii. Mimi nikisema naenda kazini. Na aliyenifundisha kazi hakuwa daktari. Alikuwa Bwana Kalume, fundi wa maabara, Mgiriama mrefu kama mnazi uliokosa mtu wa kuukwea, aliyezungumza na damu kuliko alivyozungumza na watu.

Enzi zake kulikuwa na kipimo kilichosomwa kwa macho. Damu inatiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija unasimamishwa wima, unangoja. Wekundu unazama chini, maji ya manjano yanabaki juu, kama tui lililokatika. Wekundu ukizama polepole, mwili umetulia. Ukizama mbio, kuna kitu mle ndani kinawaka: kidonda, kifua, jino bovu, chochote. Bwana Kalume hakutaka mlango ubamizwe, wala mtu aegemee meza, wala mtu apige chafya akiwa na nia ya kuirudia. Mrija ukiinama kidogo tu, wekundu huteremka haraka, na mtu mzima wa afya akaonekana maiti mtarajiwa.

Sasa tulikuwa na mwenzetu mmoja wa usafi, Riziki, msafi wa kupita kiasi. Asubuhi moja akaona karatasi ngumu imekunjwakunjwa chini ya mguu wa meza ya Bwana Kalume. Akaona uchafu. Akautoa. Basi siku hiyo kila damu iliyopimwa ilikuwa mbaya. Wagonjwa wote wanaungua kwa ndani. Dereva wetu, ambaye hakuwahi kuumwa hata na kichwa, alitolewa damu ya kulinganishia, naye anaungua. Bwana Kalume akajitoa damu mwenyewe, akaisimamisha, akaitazama inavyoteremka, akavua miwani. Nilimkuta kwenye simu na mkewe, anamwambia yule mbuzi mweupe asiuzwe, ni wa matanga. Ndipo kalamu yake ikabiringika mezani yenyewe, taratibu, ikaanguka sakafuni. Akaitazama kalamu. Akaitazama meza. Akamwambia mkewe, "Ngoja kwanza, huenda nisife," akakata simu.

Kwa hivyo Swabra, mashine yako ikikwambia dunia nzima inaumwa, tazama miguu ya meza.

Baadaye zikaja mashine zinazosoma zenyewe. Zinatafuta kitu ambacho ini hukimwaga kwenye damu mwili unapopigana na jambo. Kina jina la herufi tatu za Kizungu, na kina ndugu zake wengine wenye majina marefu zaidi. Madaktari wakiviita alama za uvimbe. Mimi nikiviita moshi, na hadi leo naona jina langu ndilo zuri. Moshi ukipanda juu ya mapaa ya mtaa wa Kuze, unajua kuna moto. Hujui kama ni sufuria ya pilau ya harusi au nyumba ya mtu inateketea. Lazima uende ukabishe hodi.

Huo moshi ndio uliomleta Daktari Mutua. Yeye ni Mkamba, kijana mpole, Mkristo mwenye adabu zake, kaletwa pwani na utafiti. Huko duniani madaktari walikuwa wameona kwamba baadhi ya watu wenye huzuni nzito, au wanaosikia sauti zisizosikiwa na wengine, damu yao ina moshi kidogo. Baadhi, si wote. Na haikujulikana kama moshi ndio unaoleta maradhi, au maradhi ndiyo yanayoleta moshi, au vyote viwili vinaletwa na kulala vibaya na kula vibaya. Daktari Mutua alitaka kujua kwa watu wetu hapa hali ikoje. Lakini watu wetu hapa mgonjwa wa namna hiyo hawamtoi nje. Wanamweka chumba cha ndani na mgeni anaambiwa amesafiri. Nilijua majirani zangu wengi waliosafiri miaka na kikohozi chao tunakisikia ukutani.

Ndipo nikavuliwa fagio nikapewa sanduku la barafu. Kazi yangu: kumpitisha daktari vichochoroni, kubisha hodi, na kubeba damu iliyotolewa mpaka ifike maabara ingali baridi. Siku ya kwanza tulipoingia Kuze na lile sanduku, watoto wa madrasa walitufuata kundi zima. Niliwaambia hatuuzi barafu. Hawakuamini. Mmoja akachungulia tulipokuwa tunafungua, akaona zile chupa zimepangwa, akasema, "Bibi, mimi nipe ile nyekundu." Daktari Mutua alikaa chini kwa kucheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anafaa.

Shida yake ilikuwa moja, alitaka mno kuheshimiwa. Nilimfundisha maamkizi yetu, akayashika yote, ila akayachanganya nyakati, akawa anawaambia watu sabalkheri alasiri. Kisha akaenda mwenyewe akanunua kofia, kule wanakouziwa watalii, ikiwa kubwa, ikimfunika masikio. Nikamwambia hakuna aliyemtaka Mkristo wa watu avae kofia. Akasema ni heshima. Nikamwacha. Mtu akikazana kukuheshimu, mvumilie.

Nyumba iliyonifanya niyaandike haya ni ya Ami Athmani. Kama hamumjui, babu zenu wanamjua. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile za mkono, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia moja miezi. Kofia yake ukiivaa harusini, utazikwa sifa zako zingali zinasemwa. Basi mkewe alikufa, na baada ya muda sindano ikamtoka mkononi. Akawa anakaa ameelekea ukuta. Haneni. Chakula anakitazama kama kitu cha mtu mwengine. Alikuwa mtu wa mwili wake, akabaki kanzu na mifupa.

Aliyemtunza ni dadake, Bi Rukia, mjane, muuza mahamri, niliyecheza naye kibe tukiwa wadogo na hajawahi kukubali kwamba nilimshinda. Rukia alishaamua ni jini. Fundi wa pungwa alishazungumzwa, wa ngoma na ubani na mambo yote. Nilipoingia na Daktari Mutua alinipokea mlangoni, hakushika kiuno ila ni kama aliyeshika.

"Isha, umeniletea mnyonya damu?"

"Nimekuletea daktari."

Daktari akamwambia sabalkheri. Ilikuwa alasiri. Rukia akanitazama mimi.

Hata hivyo akatukaribisha, maana mlango wa Mswahili hufunguka hata akiwa amekasirika. Daktari alimkalia Ami Athmani karibu, akamweleza taratibu kwamba anaona ana maradhi ya huzuni, yana dawa, na yanatibika kwa dawa na kwa kuzungumza. Tena akasema kuna utafiti wa damu, hiari yake. Ami akaitikia kwa kichwa. Ndicho kitu pekee alichofanya.

Rukia alisikia neno damu, akashika hapohapo. Akatoa hukumu yake mbele yetu. Daktari aipime damu. Damu ikisema kuna ugonjwa, nduguye atakunywa vidonge na yeye hatatia neno. Damu ikiwa salama, basi ni jini, vidonge vitabaki kliniki na fundi wa pungwa ataanza kazi yake. Daktari akamweleza kwamba damu haifanyi kazi hiyo. Damu inaweza kuwa na moshi mtu akawa mzima wa akili, inaweza kuwa safi mtu akawa mgonjwa kweli, na yeye hangojei damu ili amtibu. Nikamweleza na mimi, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mfano wa pilau juu. Rukia akasema sisi ndio tuliokuja na sindano, kama haina maana tulikuja nayo ya nini. Kwa hilo, wallahi, niliomba maji ya kunywa.

Tukaagana turudi asubuhi ya siku ya tatu, kabla hajala. Hilo nalo lilimuuma Rukia. Atolewe damu kwake na chai hajanywa? Watu watasemaje?

Tulirudi, damu ikatoka vizuri, Ami hakutikisika. Ila alikaa vibaya kidogo kitini, upande upande, kama mtu aliyekalia kitu. Nikadhani ni udhaifu. Nikabeba sanduku langu nikaenda.

Sasa Rukia hawezi kuweka siri hata yake mwenyewe. Mtaa mzima ukajua damu ya Athmani imekwenda kupimwa na kwamba ikirudi itasema ni jini au si jini. Sokoni Makadara nilikwenda kununua viazi, muuzaji akaniuliza majibu yametoka? Imamu hakuuliza, lakini alinipa salamu ndefu kuliko kawaida. Watu walingoja ile damu kama wanavyongoja mwezi wa Idi, na kama mwezi wa Idi wakagawanyika: kuna walioapa kwamba ng'ambo ya Likoni majibu yalishaonekana.

Mimi sikuwa na raha. Usidhani nilikuwa nabishania sayansi. Nilimwona Ami anavyokonda. Damu ikirudi safi Rukia atafunga mlango, na ule mwili haukuwa na siku nyingi za kuchezea. Nikamwambia Daktari Mutua, kama itarudi safi, si useme tu ina moshi kidogo? Kidogo. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama Isha, nikimdanganya leo, kesho nitamwambia nini?" Mtu mwenye kofia ya masikio ana msimamo. Nilikasirika, tena nikamheshimu, yote kwa pamoja.

Siku ya majibu baraza ya Rukia ilijaa. Walikuja na watoto wao. Mahamri yaliuzika. Ndani tulikuwa sisi, Ami Athmani kitini, Rukia, na masikio ya mtaa yaliyobandikwa dirishani. Daktari akasema majibu hayakuwa safi. Moshi upo.

"Upo?" akasema Rukia. Dirishani ikarudiwa, upo, upo, ikaenda mpaka kona ya kichochoro. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Daktari akainua mkono. Upo mwingi mno, akasema. Huzuni ikileta moshi huleta kidogo. Huu ni wa kitu chengine. Akamuuliza Ami kama anaumwa jino, kifua, kama ana kidonda. Rukia akajibu kwa niaba yake, amekasirika kabisa. Kidonda kitoke wapi? Nduguye ni msafi. Siku ile ile tuliyoagana, kabla hatujarudi kuitoa damu, alimsafisha yeye mwenyewe.

"Ulimsafisha vipi, Rukia?" nikauliza.

"Nilimwita mtu wa hijama," akasema. "Nyinyi mnakuja kuichukua damu muipeleke kwa watu, iende na uchafu wake? Mgeni akija hufagii?"

Nikaelewa kwa nini alikalia upande. Tukamwinua Ami kanzu. Mgongo ulikuwa una miduara ya vikombe, na ndani ya kila mduara chale zake. Hijama nzuri ina watu wake na vifaa vyake visafi. Huyu Rukia alimpata wa bei ya haraka. Chale zilikuwa zimeiva, mbili zina usaha, na mgongo una moto ukigusa. Rukia alikuwa ameifagia nyumba kwa ajili ya wageni na ufagio umetia moto mapazia.

Wa dirishani wakaguna. Mwenye kigelegele akajifanya alikuwa anaita mtoto.

Daktari akaanza kuusafisha ule mgongo, mimi nikimshikia pamba. Rukia akasimama katikati ya chumba. Nilimjua tangu utotoni lakini sikuwahi kumwona mdogo vile.

"Kwa hivyo damu imesema nini?" akauliza.

"Imesema ana vidonda mgongoni," akasema Daktari. "Basi."

"Na jini?"

"Damu haijui jini, Bi Rukia. Wala haijui huzuni."

"Basi mimi nimfuate nani? Niambieni nimfuate nani, maana ndugu yangu anakwisha."

Daktari alikuwa amevua kofia yake ili aone vizuri, kaiweka kwenye paja la Ami Athmani, bila kufikiri, kama unavyoweka kitu kwenye meza. Nikaona kidole cha Ami kinatembea pembeni mwa ile kofia. Kikasimama. Kikarudi nyuma.

"Hii imeshonwa na mashine," akasema Ami Athmani.

Sauti yake ilikuwa kama mlango wa stoo. Rukia alikaa chini palepale, pasipo kiti.

Daktari Mutua akaendelea kufuta mgongo, hakuruka, hakushangilia. Hapo ndipo nilipojua amesoma. Akasema, "Niliambiwa ni ya mkono."

"Uliibiwa."

"Wewe ungeishonaje?"

Ami akaipindua kofia, akatazama mishono ya ndani. Kisha akasema, "Siwezi. Nikishika sindano naona mkono ni wa mtu mwengine. Alfajiri ndiyo mbaya. Naamka, naona siku imekaa mlangoni inanisubiri, na mimi sina cha kuipa." Akasema mengine zaidi, polepole, na hayo siyaandiki, ni yake. Watu dirishani wakaondoka mmoja mmoja bila kuambiwa. Tuna umbeya, lakini adabu pia tunayo.

Mwisho akamwambia Daktari, "Hizo dawa zako nitakunywa." Kisha akamgeukia dadake kule sakafuni. "Na ngoma yako pia ipigwe, Rukia. Ushamwita mtu, na wewe unapenda kucheza."

Daktari akasema hana neno na ngoma, mradi vidonge visiachwe, na mgongo huo asiukaribie mtu na wembe. Ikawa hivyo. Vidonge vya kidonda, vidonge vya huzuni, safari za kliniki kila baada ya muda, na pungwa ikapigwa. Mimi nilicheza mpaka nyonga ikaniuma mwezi. Rukia hadi leo anasema ni ngoma iliyomponya, Daktari anasema ni dawa na mazungumzo, na Ami ukimuuliza anasema ni kero, alichoka kusikia hao wawili wakibishana.

Haikuwa haraka. Kuna siku alikuwa anarudi ukutani, Rukia ananiita, nakwenda, nakaa naye tu. Mgongo ulipopona vizuri, damu ikatolewa tena kwa ajili ya utafiti. Ikarudi tulivu kabisa, haina moshi hata wa kibiriti, na wakati huo Ami alikuwa bado na huzuni yake nusu. Rukia alipoambiwa akasema, "Damu yenyewe ndiyo hii? Wiki yote ile iliniweka roho juu, kumbe haina la kusema." Lakini tangu hapo, Daktari Mutua hamtoi mtu damu Mombasa kabla ya kumuuliza, baada ya maamkizi, amepiga hijama lini. Na wewe Swabra uulize. Usiulize kama umepiga, utaambiwa hapana. Uliza lini.

Mimi nilistaafu kabla kofia mpya ya Daktari haijaisha kushonwa. Ndiyo, Ami alimpima Daktari Mutua kichwa kwa uzi, siku ya kwanza aliyoomba mwenyewe atolewe nje akae barazani, akaanza viua, kitundu baada ya kitundu. Miezi ilikwenda. Rukia akinipita hakuniambia hali ya nduguye, alinionyesha kwa kidole ilipofika kofia: imefika ukingo, imefika juu.

Ilipokwisha tuliitwa sote, kahawa na haluwa. Daktari alikuwa amepanda cheo wakati huo, kaandikwa magazetini na utafiti wake, kavaa suti. Ami akaitoa kofia kwenye karatasi. Sijaona kazi kama ile. Daktari akainama, akavishwa. Haikuingia. Ami akaivuta mbele, akaivuta nyuma. Ikakwama juu ya masikio, imekaa kama kikombe juu ya nazi.

Rukia akasema labda alipima vibaya, mikono ilikuwa bado ya ugonjwa. Nikaogopa. Nilimtazama Ami usoni kuona kama siku nzima itamwangukia tena.

Ami Athmani akazunguka kichwa cha Daktari Mutua, akakitazama kulia, akakitazama kushoto, akakibonyeza kwa kidole kama mtu anayenunua fenesi.

"Mimi nilipima sawa," akasema. "Kichwa ndicho kilichovimba. Kakipimeni damu."